Mkwaruzo wa Njiti Moja

Ijumaa shemeji aliondoka kwenda Tanga harusini. Kaka yuko njiani na lori, anaelekea Lubumbashi. Nyumba nikaachiwa mimi na maagizo mawili: "Shem, mwagilia maua yangu. Na TV yangu usiiguse." Maua niliyasahau.

Jumamosi jua la dirishani likawa linaniharibia mpira, nikaona niisogeze TV kidogo tu. Nikaikumbatia kifua kwa kifua, kama ndugu tuliopotezana, nikiogopa isinidondoke. Haikunidondoka. Ila nilikuwa nimevaa mkanda wenye chuma, na wakati naishusha ukagusa kioo kwa juu. Krrrch!

Mkwaruzo wenyewe urefu wa njiti ya kiberiti, wembamba wa unywele. Mtu mwenye akili zake angenyamaza. Mimi nikaenda kwa jirani, mzee ambaye tangu nimjue hajawahi kukosa jibu. "Dawa ya meno, kijana! Mimi taa za gari nazing'arishia hiyo." Na kweli taa zake zinang'aa. Gari ndilo haliwaki.

Nikaminya dawa kiasi cha punje ya harage, nikaanza kusugua kwa fulana kuukuu, TV nimeiacha inawaka ili nione maendeleo. Kila nikikandamiza, rangi zinakimbia chini ya kidole kama mafuta ya taa juu ya maji. Maskini ilikuwa inalia, mimi nadhani dawa inaingia. Nusu saa nzima!

Nikafuta. Mkwaruzo haupo! Mahali pake pana duara linalong'aa, ukubwa wa kisosi, na ndani yake naiona balbu ya sebuleni, feni, na mimi mwenyewe nimeachama. Tena limekaa juu katikati, pale pale kinapokaa kichwa cha msoma habari. Usiku ule taarifa ilisomwa na dada mwenye kipara.

Nikapaka mafuta ya mgando. Kipara kikazidi kumeremeta.

Jumapili nikamwita fundi. Akapitisha kidole, akakinusa.

"Ingekuwa ile ya chogo ungepona, ile ni kioo kweli. Hii flati yako juu ni plastiki, na wamefanya ising'ae makusudi ili taa zisijioneshe. Wewe umeipiga msasa."

"Kwani dawa ya meno ni msasa?"

"Kumbe meno unadhani yanasuguliwa na nini?"

Akasema kwa mkwaruzo kama ule, wewe unazima TV, unafuta vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi. Picha ikiwaka hata huuoni. Na kubadilisha kioo je? Akataja bei. Nikauliza TV mpya ni kiasi gani. Akasema, "Si ndiyo hiyo nimekutajia?"

Jumatatu jioni shemeji akarudi. Maua yamenyauka, TV nimeifunika kitambaa chake cha kufuma, mimi nimekaa mkao wa mtu mwema. Maua hakuyatazama. Akatua begi, akaisogelea TV, akavuta pumzi mara mbili.

"Shem," akasema, "hii TV imepiga mswaki?"