Sufuria za Kariakoo na meza za Singapore

Kila ninaporudi Dar es Salaam kwa likizo, hakosekani ndugu wa kuniuliza kama bado nina tumbo la kula kwa mama lishe, naye huuliza akicheka, kana kwamba miaka tisa ya kuishi Singapore imenigeuza kuwa mtu wa viyoyozi. Jibu langu huwa ni kwenda Kariakoo siku ya pili tu baada ya kufika, mnamo saa saba mchana, nikipenya kati ya mikokoteni na marobota ya nguo hadi kwenye kichochoro kimoja nyuma ya mtaa wa Kongo, ambako kuna fomu mbili za mbao, turubai la bluu na sufuria nne zilizofunikwa kwa masinia.

Mama wa pale namfahamu tangu nikiwa kijana wa kubeba mizigo. Huamka saa kumi alfajiri, na maharage huwa ameyaloweka usiku ili yasimalize mkaa. Wateja wake ni wapagazi, madalali, vijana wanaouza vitenge na makondakta waliokimbia mara moja kujaza tumbo. Kila mmoja hukaa bega kwa bega na mwenzake, hupokea sahani ya wali yenye maharage, mchicha na kipande cha samaki, kisha huomba kuongezewa mchuzi kwa sauti ya mtoto anayemdekea mama yake. Wengi bado humwita mama ntilie, jina lililotokana na ombi lenyewe, "mama, nitilie". Anayeishiwa fedha katikati ya wiki huandikwa kwenye daftari, na sijawahi kusikia daftari lile likipelekwa kwa mjumbe wa nyumba kumi.

Hata hivyo, nisingependa kumpamba kupita kiasi. Sahani zinaoshwa katika ndoo mbili, ya kwanza ya sabuni na ya pili ya kusuuzia, na kufikia saa nane maji ya ndoo ya pili yanakuwa na rangi ambayo mteja mwenye busara haangalii. Maji hayo yananunuliwa kwa madumu kutoka kwa kijana wa mkokoteni, kwa hiyo kila anapoyamwaga anamwaga faida yake. Watu wanaosema kwamba mama lishe hawapendi usafi hawajawahi kupiga hesabu ya madumu.

Nilipofika Singapore nilipelekwa na wenzangu wa kazini kula katika ukumbi ulio wazi pande zote, chini ya mapangaboi makubwa, wenye vibanda vingi vilivyopangwa kwa safu na meza za pamoja katikati. Pale Tekka, katika mtaa wa Wahindi, nilikuta biriani na mkate wa kukaangwa uitwao prata, ambao Mswahili yeyote angeuita ndugu wa chapati zetu. Geylang Serai nilikuta Wamalay wanaopika wali kwa tui la nazi, nikajiona nimerudi Pwani. Mtu huweka pakiti ya karatasi za kufutia mikono juu ya meza, akaenda kupanga foleni, na hakuna atakayemchukulia nafasi yake. Baada ya kula ni lazima urudishe sinia mwenyewe. Tangu Septemba 2021 asiyerudisha huonywa kwanza, na akirudia hupigwa faini. Kumbi nyingi zimetenga hata rafu ya sinia za chakula cha halali, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Ni hapa ambapo wengi wetu tunaoishi nje tunakosea. Tunarudi nyumbani tukisimulia usafi huo kama tabia waliyozaliwa nayo watu wale, halafu tunatikisa kichwa tukitazama Kariakoo. Ukweli ni kwamba kabla ya kuwapo kumbi hizo wapishi wa Singapore walikuwa barabarani kama wetu, wakiwa na mikokoteni na majiko, wakimwaga maji machafu kwenye mifereji ya mvua na kukimbia askari. Serikali iliwaorodhesha mwaka 1968 na 1969, ikawapa leseni za muda, kisha ikachukua miaka ya 1970 na nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 kuwajengea kumbi hizo. Kazi ya kuwaondoa barabarani ilikamilika mwaka 1986. Tafadhali uitazame hesabu hiyo: zaidi ya miaka kumi na mitano, huku kila kundi likihamishwa mahali pake palipokwisha kuwa na bomba, umeme, mfereji wa maji machafu na choo. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wa kumbi hizo katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, na leo kumbi zenyewe zimepita mia moja.

La muhimu zaidi kuliko bomba ni mahali. Kumbi nyingi zilijengwa chini au kando ya majengo ya serikali wanamoishi watu, mara nyingi zikiungana na soko la mboga na samaki, hivi kwamba bibi anayekwenda kununua vitunguu asubuhi anapita mbele ya kibanda cha uji hata kama hakukusudia. Mpishi alihamishwa, lakini hakutengwa na njaa ya watu.

Kwetu tumekuwa tukianza na kuhamisha. Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kando ya barabara za Dar es Salaam na kuelekezwa kwenye maeneo waliyopangiwa, na mama lishe waliokuwa wakiwalisha walilazimika kubeba sufuria na kuwafuata, au kubaki bila wateja. Kabla ya hapo tulikuwa tayari na somo la Machinga Complex pale Ilala, jengo lililojengwa kwa nia njema, ambalo vizimba vyake vingi vilikaa vitupu kwa miaka kwa sababu wapita njia walibaki walikokuwa. Mpagazi wa Kariakoo ana nusu saa ya kula. Ukimpeleka mama lishe mwendo wa robo saa kutoka pale alipo, umemnyima mpagazi chakula na umemnyima mama riziki, hata kama kibanda kipya kina vigae.

Sisemi tuige kila kitu, maana Singapore nako kuna yanayonikera. Kibanda kipya hupatikana kwa zabuni, na mtu asiye na akiba hathubutu. Mwanamke wa Manzese aliyeachwa na watoto watatu anaweza kuazima sufuria leo na kesho akauza uji. Kule Singapore hana mlango kama huo. Wapishi wengi ninaokula kwao wana umri wa miaka 60 hivi au wamepita hapo, na watoto wao wamekwenda maofisini, kwa hiyo kila mwaka kinafungwa kibanda ambacho ladha yake haitarudi. Tena daftari la mikopo sijaliona popote. Nalipa kwa simu, mashine inalia, sahani inawekwa mbele yangu, na mzee anayepika tambi amenikariri uso lakini hajui kama nina mke.

Likizo iliyopita nilimweleza mama wa Kariakoo mambo haya yote wakati wateja wamepungua. Alisikiliza huku akikwangua ukoko.

"Kila mmoja ana bomba lake?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Na sinki."

"Na kodi?"

Nikamwambia kwamba wazee waliotolewa barabarani zamani walipewa kodi nafuu, na kwamba wapya hulipa zaidi. Akaweka mwiko chini, akafikiri kidogo, kisha akataka kujua ukumbi wenyewe uko umbali gani na mahali watu wanapofanya kazi. Nilipomjibu kwamba mwingine uko chini ya nyumba zao kabisa, wanashuka tu kwa ngazi, alinitazama kama mtu anayetaniwa.

"Basi mwanangu, huko wamewahamisha wapi?" alisema, akanisogezea sahani ya ukoko bila kunidai.