Diski ile ile, jina jingine kila ukiwasha

Hivi kwa nini Linux jana iite diski yenye mafaili yangu sda, leo iite sdb? Hakuna aliyegusa waya hata mmoja! Kumbe kerneli, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, haijali diski imechomekwa tundu gani. Inagawa herufi (a, b, c) kadiri inavyozigundua diski, na siku hizi inazitafuta kwa pamoja ili kompyuta iwake haraka. Inayowahi kuitika ndiyo sda. Ukiacha flashi imechomekwa, unaweza kukuta nayo imejipenyeza mbele.

Na hii si kero ndogo. Amri ya dd, inayonakili data moja kwa moja kwenye diski, haikuulizi kama una uhakika. Ukiielekeza /dev/sdb ukidhani ni flashi, kumbe leo ndiyo diski ya picha za harusi ya dada yako, inaandika juu yake tu. Hapo utalia.

Dawa ipo: kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa kompyuta ikiwaka, weka UUID, yaani namba ya utambulisho, ambayo haibadiliki hata ukihamisha diski tundu; amri ya blkid itakuonyesha. Kwa dd, tumia majina ya /dev/disk/by-id, yanayotaja modeli na namba ya kiwandani. Sasa mbona mafunzo mengi bado yanamwambia mgeni aandike sda moja kwa moja? Mnaoyaandika, rekebisheni hilo jamani.