Coco Beach Ibaki Bila Geti

Mkazi wa Dar es Salaam akitaka kupunga upepo wa bahari bila kulipa kiingilio, mara nyingi huishia Coco Beach, ufuko wa Oysterbay unaopakana na Barabara ya Toure. Ukiikumbuka historia ya mtaa huo, utaona kwamba hilo si jambo dogo. Wakati wa utawala wa Waingereza Oysterbay ilitengwa kuwa makazi ya Wazungu, na hata leo ukivuka barabara tu unakutana na kuta ndefu, walinzi mlangoni na nyumba za mabalozi. Upande wa baharini, Jumapili jioni, aliyetoka Mbagala kwa daladala anakaa mchangani jirani na aliyeegesha gari la kifahari, na wote wawili wanasubiri mihogo kwenye foleni moja.

Sisemi kwamba ufuko huu ni mzuri kuliko mingine, kwa maana anayetafuta mchanga mweupe na maji matulivu atafurahi zaidi akivuka kwenda Kigamboni au akipanda boti hadi Bongoyo. Hapa maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, mwamba wa matumbawe hujitokeza, na aliyekuja kuogelea hubaki akitembea juu ya mawe yenye kukata nyayo. Msimu wa kusi nao huleta mawimbi ambayo si ya kuachia watoto wacheze peke yao. Ningemshauri mgeni aulize kwanza maji yanajaa saa ngapi, ndipo apange safari yake.

Kuhusu mihogo, sina budi kuegemea upande mmoja: ile ya kukaanga ndiyo inayostahili safari. Hutolewa kwenye mafuta ikiwa na ganda la dhahabu, hupasuliwa katikati ingali ikifuka moshi, kisha hunyunyiziwa chumvi na kumwagiwa chachandu yenye pilipili ya kutosha kumtoa mtu machozi. Ukiongeza mishkaki miwili na dafu, umeshakula chakula cha jioni kwa fedha ambayo katika hoteli za jirani isingetosha chupa ya maji.

Tangu Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa mwaka 2022, likiwa na urefu wa kilomita moja hivi, mtu anayetoka katikati ya jiji hufika Coco bila kupita kwenye msongamano wa Daraja la Selander. Nalifurahia daraja hilo, ingawa linanitia wasiwasi pia, kwa sababu ardhi inayofikika kwa urahisi hupanda thamani, na ardhi ya thamani iliyo kando ya bahari haikosi watu wenye michoro ya majengo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri mazingira ya eneo hilo. Sheria ipo, lakini kwenye fukwe nyingi za jiji hili njia ya kufikia maji imebanwa katikati ya kuta mbili, au imezibwa kabisa.

Maboresho yanahitajika, na nayaunga mkono: vyoo safi, mapipa ya taka yanayomwagwa kila siku, taa, na waokoaji waliofunzwa, ambao umuhimu wao hauonekani mpaka siku mtoto anapozama. Ninachokipinga ni hoja kwamba gharama hizo zilipwe kwa kiingilio, hata kikiitwa kidogo. Shilingi elfu moja kwa kila kichwa haimsumbui mtu aliyekuja peke yake na gari lake. Baba na mama wenye watoto wanne, ambao wameshalipa daladala mbili kuja na bado wanazo mbili za kurudi, hiyo elfu sita ndiyo ilikuwa fedha ya mihogo. Tozo wanazolipa wafanyabiashara wa ufukweni na ada za maegesho ya magari zingeanza kutumika hapohapo zinapokusanywa, kabla ya yeyote kufikiria kuweka geti.