Kabla ya Rangi, Fundisheni Koodineti

Tangazo jingine la mafunzo ya GIS, yaani kuchora na kuchambua ramani kwa kompyuta: siku mbili, unaondoka na ramani ya kupendeza na cheti. Linaniudhi, kwa sababu kwetu ramani ndiyo inayosema nyumba ya nani ibaki.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 imeweka mita 60 zisizojengwa kutoka ukingo wa mto. Sasa chukua bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zimejengwa juu ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba. GPS ya simu inatumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukizichanganya bila kubadili mfumo, mto unahama takriban mita 300. Mara tano ya zile 60! Familia nzima inaingizwa bondeni na mtu aliyekuwa anachagua rangi ya buluu.

Kosa lenyewe ni dogo. Kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, amri ya Set Layer CRS inabadili jina la mfumo tu, namba (koodineti) zilizo ndani ya faili haizigusi. Reproject Layer ndiyo inayokokotoa upya na kukupa faili jipya. Kwa Dar es Salaam, peleka kwenye mfumo wenye namba EPSG:32737, yaani UTM kanda 37 kusini, unaopima kwa mita, ndipo upime bafa, ule ukanda wa mita 60 kando ya mto. Ukibaki kwenye EPSG:4326, yaani WGS 84 kwa digrii, ukaandika 60, programu inasoma digrii 60, na digrii moja ni kama kilomita 111.

Halafu kagua namba kwa macho. Kwa mita za UTM, katikati ya Dar isome X karibu na 530000 na Y karibu na 9248000. Kwa digrii, X ni 39.28 na Y ni -6.8. Ukisahau alama ya kutoa, nukta zako zinatua Ethiopia. Ukigeuza X na Y, utazikuta Hispania, jirani na mpaka wa Ureno. Hayo angalau yanaonekana. Mita 300 hazionekani, zinapita hadi kwenye ripoti.

Rangi zinamtia moyo anayeanza, sawa, nakubali. Zije siku ya pili.

Na shepufaili, muundo wa kuhifadhi data za ramani, si faili moja: .shp, .shx, .dbf na .prj zitumwe pamoja. Ikikosekana .prj, ile inayotaja mfumo, usibahatishe, mrudie aliyekutumia. Akikosa jibu, nenda mtoni na simu, simama kwenye kona ya daraja linaloonekana ramanini, usome koodineti. Simu inaweza kukosea mita tano au kumi. Ikikupa tofauti ya 300, usichore mstari wowote siku hiyo.