Mzee, naomba usinifutie gari

Jumanne iliyopita nilitoka ofisini saa saba kwenda kula, nikamkuta mlinzi wetu wa getini ameinamia boneti ya gari langu, tambara mkononi. Anasugua kwa kuzungusha, taratibu, kama mama anayempaka mtoto mafuta. Tambara lile nalifahamu. Asubuhi lilifuta kiti cha bodaboda, juzi lilifuta dirisha la kibanda, na kabla ya hapo, kwa ushahidi wa nusu ya uso wa mgombea uliobaki pembeni, lilikuwa fulana ya kampeni. Akaniona, akatabasamu.

"Nimekupunguzia vumbi, mwanangu. Gari nyeusi haipendezi ikichafuka."

Nikasema asante mzee. Nikatoa elfu mbili nikampa. Nikaenda kula, na sato wa watu hakupita kooni.

Ningemwambia nini? Kwamba elfu mbili ile ni malipo ya kuchuniwa gari? Mtu ana umri wa baba yangu, hakuombwa, amefanya kwa wema. Lakini jioni nilisimama chini ya taa ya kituo cha mafuta, nikaangalia boneti, nikaona kile ambacho kila mwenye gari jeusi mji huu anakijua: duara ndani ya duara ndani ya duara, utando wa buibui umezunguka taa. Mwezi mmoja tu tangu lifike.

Likafika jipya, nasema. Jipya la kwetu mnalielewa: limeshuka bandarini Dar, lina namba E, ya usajili wa karibuni, viti bado vina nailoni, na umri wake halisi tusiulizane. Toyota Harrier. Nyeusi. Na siyo nyeusi yoyote. Fungua boneti au mlango, tafuta kile kibati cha kiwandani, angalia palipoandikwa C/TR, ndipo namba ya rangi ilipo. Ukikuta 209 au 218, una nyeusi yenye chembe za kumetameta ndani yake, na chembe zile zinakufichia aibu kidogo. Ukikuta 202, pole. Hiyo ni nyeusi tupu, kioo cha maji ya kisimani. Ikiwa safi hakuna rangi duniani inayoishinda. Ikikwaruzwa, inasema.

Sasa nije kwenye kilichonikera, maana si mzee yule peke yake. Ni sisi sote na hii imani kwamba gari likiwa na vumbi dawa yake ni kulifuta. Mlinzi anafuta. Dereva anafuta, tena ana brashi ya manyoya chini ya kiti kwa kazi hiyo. Kijana wa maegesho anafuta bila kuulizwa, kisha anasimama dirishani. Shemeji akiazima gari analirudisha amelifuta, ndiyo shukrani yake. Na wenye magari wenyewe ndio vinara: asubuhi, suti imenyooka, kitambaa kikavu, mizunguko mitatu juu ya boneti, basi mtu anajiona msafi.

Vumbi la wapi hilo mnalofuta? Jamani, tunaishi Mwanza. Tumejenga juu ya mawe, kati ya mawe, wengine chini ya mawe. Tunapiga picha na Jiwe la Bismarck, tunajiita Jiji la Mawe, halafu tunashindwa kujiuliza mawe hayo yakisagika yanakwenda wapi. Yanakuja kwenye boneti yako. Mawe yetu kwa sehemu kubwa ni itale, na ndani ya itale kuna kwatzi, zile chembe zinazong'aa ukishika mchanga wa mlimani. Kwenye kipimo cha ugumu wa madini kinachoanzia 1 hadi kufikia almasi kwenye 10, kwatzi inakaa kwenye 7. Kioo cha dirisha na kisu cha jikoni viko kwenye tano na ushei. Yaani punje ya vumbi la Mabatini inaweza kukwaruza kioo. Na wewe unaichukua, unaiweka kati ya kiganja chako na rangi, unaizungusha.

Fundi wa rangi akitaka kukwangua rangi ya zamani anatumia nini? Msasa. Msasa ni nini? Punje ngumu zilizogandishwa kwenye karatasi. Tofauti ya msasa na lile tambara la getini ni gundi tu.

Na kinachokwanguliwa ni kidogo mno. Juu ya rangi kuna klia, tabaka angavu lisilo na rangi, ndiyo inayotoa kile king'aro tunachokilipia. Kwa magari mengi ya kiwandani klia ina unene wa mikroni 40 hadi 50. Unywele wako mmoja ni kama 70. Kwa hiyo mali yote unayoigombania na mlinzi, na brashi ya manyoya, na shemeji, ni nyembamba kuliko unywele. Ukikwaruza, dawa ni kupiga polishi, na polishi ya kweli haizibi mkwaruzo; inashusha klia ya pembeni mpaka ilingane na shimo. Kila ukipiga, mikroni mbili tatu zimekwenda. Unaweza kupiga mara ngapi? Hesabu mwenyewe. Halafu kuna mafundi wetu wanaofunga sponji kwenye grainda. Grainda! Ile ya kukatia nondo! Nilishuhudia jamaa akipigiwa mlango wake hivyo, sponji ikaanza kutoka na weusi, fundi akafurahi, "unaona uchafu huo, braza?" Uchafu gani? Klia imeisha, anafuta rangi yenyewe.

Kuna wanaopaka polishi za mafuta, gari linawaka kama limetoka kiwandani, unalipa kwa furaha. Yale mafuta yamejaza mikwaruzo tu. Baada ya kuosha mara tatu, buibui karudi kwake.

Mtasema basi peleka gari likaoshwe, acha maneno. Nilipeleka. Wiki ya kwanza, kwa ushamba wangu, nilipeleka mahali fulani kando ya ziwa, sipataji, ambapo vijana wanateka maji ziwani kwa ndoo. Kwanza hapo palikuwa na kosa langu kama raia, kwani Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za namna hiyo zikae mita 60 kutoka ukingoni, na sabuni ile na oili ile vinarudi kwenye maji yale yale tunayovua na kunywa. Nalisema hili haraka kwa sababu linaniumbua. Lakini tazama ndoo. Kijana ameingia maji ya magotini, amekoroga mchanga kwa miguu yake, ameteka. Ndoo ikitulia, chini kuna tabaka la mchanga kama kidole. Akadumbukiza sponji humo. Sponji hiyo imetoka kusugua ringi za Fuso. Akaongeza sabuni ya unga, ya kufulia jinzi, mpaka povu likapanda juu ya ndoo, akaanza na matairi, akapanda milango, akamalizia boneti. Kutoka chini kwenda juu! Tope lote la njia limepandishwa darini.

Nikamwambia, dogo, anza juu. Akanitazama kwa huruma. "Bosi, mimi hii kazi mwaka wa sita."

Na sina haki ya kumcheka. Nani alimfundisha vingine? Tunamlipa elfu tano tunamtaka amalize kwa dakika kumi na tano, tunamsimamia tukipiga honi, hatujawahi kumletea hata taulo moja. Siku niliyoleta vifaa vyangu mwenyewe kwa kijana mwingine huku Nyakato, alishika glovu ya maikrofaiba akaigeuza-geuza, akaniuliza ni ya mtoto mchanga? Baada ya nusu saa anaosha vizuri kunizidi. Mikono hiyo haina tatizo lolote. Wateja ndio tatizo, mimi nikiwemo.

Ninavyofanya sasa: Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapasha bati. Nalipiga maji matupu kwanza, kuanzia juu, mpaka vumbi lote linaloweza kuondoka kwa hiari yake limeondoka. Hapo sigusi kitu. Halafu ndoo mbili. Moja ina shampuu ya gari, nyingine maji safi ya kusuuzia glovu. Natumbukiza, naosha kipande kimoja kwa mistari iliyonyooka, nasuuza glovu kwenye ndoo ya pili, narudi. Paa, vioo, boneti, milango, na sehemu za chini mwisho kabisa. Ringi zina sponji yake na haivuki mpaka. Nikimaliza, angalia ile ndoo ya kusuuzia. Simama uiangalie. Ule mchanga uliolala chini, mwekundu kwa mweusi, ndio ungekuwa unazungushwa kwenye rangi yako. Kukausha sifuti, natandaza taulo kubwa juu ya boneti, nalipapasa, nalinyanyua. Katikati ya wiki likishika vumbi naliacha na vumbi lake. Ndiyo. Naenda mjini na gari chafu, na roho yangu imetulia.

Mke wangu anasema gari linaoga vizuri kuliko watoto, na kwamba simtanki haikununuliwa kwa ajili yake. Hoja yake ya maji naikubali shingo upande. Ndoo mbili na jagi la kumwagia zinatosha, nimejaribu wiki ambayo bomba lilikauka.

Mengine ni madogo, nayapitia. Korongo wa Kirumba, wale wazee wenye mapara wanaosubiri utumbo wa samaki, usiegeshe chini ya mti wao. Wale hujinyea miguu yao wenyewe ili wapoe, sembuse gari lako? Kinyesi cha ndege kina asidi, na juu ya bati jeusi lenye jua kinaanza kula klia mapema kuliko unavyodhani. Lowesha kitambaa, kiweke juu, subiri dakika tano, nyanyua. Usisugue. Vijidudu vya ziwani, vile vinavyoinuka kama moshi mwezi unapoandama, vikigandia kwenye boneti dawa ni ile ile: maji, subira.

Seramiki, ile dawa ya maji inayopakwa juu ya klia ikakauka kuwa ganda? Nzuri, maji yanateleza, uchafu haugandi sana. Ila ukiipaka juu ya mikwaruzo umeifungia mikwaruzo ndani, na ile "9H" wanayokutajia kwa sauti ya chini kama siri ya jeshi ni kipimo cha penseli. Penseli, ndugu zangu, siyo almasi. Haitazuia kokoto ya lori linalokupita Usagara. Kwa kokoto labda ile filamu ya plastiki, na bei yake ukiisikia utaona bora kokoto.

Na wale wanaoniambia "nani alikutuma kununua nyeusi, chukua nyeupe au silva kama watu wazima," mna hoja. Nyeupe ingenificha. Mikwaruzo ingekuwepo ile ile ila nisingeiona, na inaonekana watu wengi mnalala vizuri kwa mpango huo. Mimi niliona lile gari kwenye picha, limesimama bandarini Japani, mawingu yamo ndani ya mlango wake, nikajua nimekwisha. Hilo halina hoja. Mtu hajitetei kwa alichokipenda.

Jumatano nikajikaza. Nikaamkia, nikanunua chai mbili na chapati, nikakaa na mzee kwenye benchi la kibanda. Sikuanza na gari. Nilianza na mvua, watoto, mahindi ya kwao Magu. Halafu nikamwambia ukweli, nikamwonyesha na tochi ya simu. Akainama, akaangalia miduara ile muda mrefu. Akanyamaza. Nikaona aibu, nikajua nimeharibu. Kisha akasema, polepole, "Kumbe ndiyo maana yule mkubwa wa ghorofa ya pili aliniambia niache, akafoka. Hakunionyesha." Akachukua lile tambara akalitupia kwenye ndoo ya kudekia.

Tangu siku hiyo gari langu linalindwa kama benki. Hakuna anayeligusa. Kijana wa vocha aliegemea, akafukuzwa. Ijumaa nikatoka jioni, vumbi limekaa juu yake zito, tulivu, halijaguswa na mtu, mzee kasimama kando kifua mbele.

"Leo sijagusa, na hajagusa mtu."

Nikazunguka nyuma kuweka begi. Juu ya mlango wa buti, kwa kidole, kwa herufi kubwa za mwandiko mzuri tu wa mtoto wa shule, kumeandikwa NIOSHE.

Nimeliosha, ndoo mbili, taulo, kila kitu. Nimepiga na polishi kwa mkono, kidogo. Jua likianza kushuka ziwani, saa kumi na moja hivi, ukisimama upande wa kushoto bado unasoma vizuri hadi ile S.