Hakuna Aliyeona, Lakini Tunaweza Kujua

"Nani alimwona?" Swali hili nimelisikia kwenye mikutano ya mitaa hapa Mbeya, kwenye vikao vya ukoo, hata kwenye daladala za Uyole, na mara nyingi hutolewa ili kuwafunga watu midomo. Fedha za kikundi zimepotea, daftari la mahesabu limenyofolewa kurasa, funguo za sanduku alikuwa nazo mtu mmoja tu, na mtu huyo ghafla anaezeka nyumba bati jipya. Anasimama mzungumzaji mmoja na kuuliza, "Nani alimwona akichukua?" Watu wanatazamana, mwenyekiti anapita kwenye ajenda inayofuata.

Wiki haijaisha, watu hao hao wanamhukumu bibi kizee kwa kuwa mtoto wa jirani ameugua baada ya kupita uani kwake. Hapo haulizi mtu nani alimwona. Dalili moja, tena nyepesi kama unyoya, inatosha kumhamisha kijiji au kumtoa roho.

Naona mambo haya mawili yana mzizi mmoja. Hatujajifunza kufikiri kwa dalili, kwa hiyo tunazitupa zikiwa nzito na kuzikumbatia zikiwa nyepesi. Mahakamani huitwa ushahidi wa mazingira: mambo yaliyothibitika ambayo, yakiunganishwa, yanatuonyesha jambo ambalo hakuna aliyelishuhudia kwa macho. Msimamo wangu ni kwamba ushahidi huu unaweza kuwa imara kuliko wa macho, ila kwa sharti moja ambalo sisi hatulitimizi.

Anayedhani bila shahidi hakuna ukweli aende Mbozi, kijiji cha Ndolezi, akakitazame kimondo. Kipande cha chuma chenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16 kimelala pale, na hakuna binadamu anayeweza kusema alikiona kikianguka. Mwaka 1930 mpima ardhi W. H. Nott alipokiandika habari zake, sehemu kubwa ilikuwa bado imefukiwa. Baadaye ndipo udongo ulipochimbwa kukizunguka. Shimo ambalo ungetarajia lingeachwa na pigo la mzigo kama ule halipo. Mtu wa "nani alimwona" angeishia hapo na kusema hatuwezi kujua.

Lakini tunajua: kilitoka angani. Kipande kilichokatwa na kupimwa kilionyesha karibu asilimia 90 ni chuma na karibu asilimia 9 ni nikeli. Chuma cha miamba yetu ya kawaida kimefungamana na oksijeni, ndiyo maana mawe yake ni mekundu kama kutu. Hakikai kama bonge la chuma tupu lililochanganyika na nikeli kiasi hicho. Ukisugua uso wa kimondo na kuupaka asidi, inajitokeza mistari iliyopishana ambayo hutokea chuma kinapopoa polepole mno kwa mamilioni ya miaka, ndani ya jiwe kubwa huko angani. Hakuna tanuru duniani linaloweza kuiga jambo hilo.

Sasa angalia hatua ninayoipenda kuliko zote. Mtu makini angeweza kupinga: hii ni nchi ya Wanyiha, na Wanyiha walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma tangu zamani, pengine bonge hili ni mabaki ya viwanda vyao. Ni hoja ya haki, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Majibu yapo: chuma cha matanuru ya udongo hakibebi nikeli kiasi kile wala mistari ile, na hakuna tanuru la kijiji lililoweza kutoa bonge moja la tani 16. Na shimo? Kutokuwepo kwake kunaelezeka ikiwa kimondo kilianguka zamani sana, mvua na udongo vikalifuta. Kila maelezo mengine yaliitwa mezani, yakasikilizwa, yakashindwa. Ndipo lilipobaki moja.

Isimila, nje kidogo ya Iringa kwenye barabara ya kuja huku Mbeya, ni hivyo hivyo. Mawe yaliyochongwa pande mbili yamesambaa kwenye korongo, mengi mno na yenye umbo linalofanana mno kwa mto kuweza kuyachonga, na umri wake umekadiriwa kuwa wa miaka laki mbili na zaidi. Mifupa ya wanyama imepatikana. Ya hao wachongaji haijapatikana. Hata hivyo hakuna anayekataa kwamba mikono ya watu ilikuwepo pale.

Sharti nililolitaja ndilo hili: ukishaona dalili, uliza ni nini kingine kingeweza kuzileta, na usihukumu mpaka hicho kingine kimeondoka. Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu, na walisema kweli. Lakini aliyeishi Uyole mwezi Juni ameona wingu likilala juu ya mlima tangu alfajiri hadi jioni, na tone lisidondoke. Mkulima wa hapa hapandi kwa wingu moja. Anatazama upepo, joto, na mwezi wenyewe.

Sheria yetu ilishalisema hili kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mwaka 1949, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika rufaa iliyotoka Kenya, iliweka kipimo ambacho mahakama za Tanzania zinakitumia mpaka leo. Ukitaka kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mazingira peke yake, mambo uliyothibitisha ni lazima yasipatane kabisa na kutokuwa na hatia kwake, na yasiwe na maelezo mengine ya busara isipokuwa kwamba ndiye aliyetenda. Mwaka 1958, katika rufaa iliyotoka Uganda, likasisitizwa jambo jingine: kabla ya kufikia hitimisho, hakikisha hakuna jambo jingine lililokuwepo sambamba ambalo lingelidhoofisha au kulivunja.

Nakubaliana na maneno haya moja kwa moja. Hayadharau dalili, wala hayampi mtu leseni ya kunyonga kwa dalili. Na yanaweka mzigo kwa anayetuhumu, kama Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inavyokataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika.

Macho, tunayoyaamini mno, yenyewe yaliwekewa breki. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kabisa, na usitegemewe mpaka uwezekano wa kukosea uondolewe. Shahidi aulizwe alimtazama mtu huyo kwa muda gani, akiwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na kama alimfahamu kabla. Kumbe hata "nimemwona kwa macho yangu" kuna maswali yake.

Mfano uko kwenye mteremko wa Iwambi. Lori likishindwa kona, kila aliyekuwa barabarani ana simulizi yake kuhusu mwendo, na simulizi hizo hazifanani. Ndiyo maana askari wa usalama barabarani huchukua futi kamba na kupima alama za matairi kwenye lami. Alama zikikosekana, wengi husema mara moja kwamba breki zilifeli. Inawezekana. Inawezekana pia dereva alisinzia, au aliteremka gia ikiwa huru ili kubana mafuta, breki zikapata moto hadi zikaacha kushika. Dalili ni moja, chanzo kinaweza kuwa kimoja kati ya vitatu, na wa kuwajibika si yule yule: cha kwanza kinaelekea kwa mwenye gari au fundi, viwili vingine kwa dereva. Bila kwenda kuziangalia breki zenyewe huwezi kuchagua.

Nimeliona jambo hili likifanyika vizuri mara moja, katika kijiji kimoja cha Njombe, tena na mtu asiyejua habari za sheria hata kidogo. Usiku parachichi za aina ya Hass zilikuwa zimeibwa shambani kwa mjane mmoja. Asubuhi kijana akakamatwa njiani na pikipiki, nyuma amefunga viroba viwili vya Hass. Watu wakajaa, na mmoja alishakuwa na tairi mkononi. Kijana alikuwa anatetemeka hata jina lake linamshinda kulitaja.

Akaja mzee mmoja, akasalimia "kamwene" taratibu kana kwamba hakuna jambo, akaomba kiroba kifunguliwe. Akatoa tunda moja, akaligeuza, akaangalia kwenye kitako. Akatoa jingine, na jingine. Yote yalikuwa na vikonyo vifupi vilivyokatwa kwa mkasi, kama wanunuzi wanavyotaka, kwa sababu tunda lililonyofolewa bila kikonyo huoza mapema kuanzia pale lilipochanika. Akasema, "Twendeni shambani kwa mama." Kule matawi yalikuwa yamevunjwa, vikonyo vimebaki mtini, majani yametapakaa chini. Aliyeiba alikuwa amevuta kwa mikono, gizani, kwa haraka.

"Mwanangu, haya umeyakata wapi?" mzee akamuuliza kijana.

"Kwa shangazi, babu. Jana jioni."

Hawakuishia kwenye kumwamini. Walikwenda mpaka kwa shangazi, wakaiona miti ikiwa na makovu mabichi ya mkasi, wakamkuta shangazi naye anaulizia pesa yake. Kazi yote haikumaliza hata asubuhi. Kilichonigusa ni kwamba mzee hakusema "kijana huyu ni mwema" wala "nawafahamu wazazi wake". Alitafuta kitu ambacho kingekuwepo kama tuhuma ni ya kweli, akakikosa, kisha akatafuta kitu ambacho kingekuwepo kama kijana anasema kweli, akakikuta.

Mahali pengine hakutokea mzee wa namna hiyo. Oktoba 2016, wilayani Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wa udongo waliotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji na gari lao likachomwa moto, kwa kudhaniwa kuwa ni wanyonya damu, mumiani. Dalili zilikuwa nini? Wageni, gari geni, na vifaa vya kazi. Maelezo mengine ya dalili hizo yalikuwa mengi kuliko hayo ya mumiani, na kuyapata kulihitaji simu moja kwa ofisi ya wilaya. Naandika haya kwa uchungu kwa sababu nyanda zetu za juu nazo zina hofu ya aina hiyo hiyo. Mwanzoni mwa 2019, watoto walipokuwa wanauawa Njombe, woga ule ulikuwa na sababu ya kweli kabisa; lakini woga wenye sababu bado unaweza kumwangukia mtu asiyehusika.

Na hapo ndipo anapoingia mpiga ramli. Polisi wetu huiita ramli chonganishi, na jina limekaa. Ubaya wake mkubwa kwangu ni kwamba inakata lile swali la nini kingine kingeweza kuleta dalili hizi. Familia yenye msiba inafika na dalili zake, inaondoka na jina la mtu. Baada ya hapo kila kitu kinakuwa uthibitisho: jirani akija msibani, amekuja kuangalia kazi yake, asipokuja, dhamira inamsuta. Dalili ambayo inathibitisha jambo lile lile hata ikigeuzwa kinyume chake haina uzito wowote. Ukiweza kumfundisha mtoto wa darasa la saba jambo hilo moja, umemwokoa bibi wa mtu.

Upande wa pili nao unaniumiza, na unazungumzwa kidogo zaidi. Mtu mwenye uwezo analindwa na "nani alimwona" kila siku. Mbolea ya wakulima inapungua ghalani, stoo ina ufunguo mmoja, leja inaonyesha mifuko iliyoingia, hakuna hati ya iliyotoka, na bado tunaambiwa hakuna ushahidi. Upo! Tena ni aina ya ushahidi usiosahau na usiohongwa kirahisi. Aitwe mhusika, apewe nafasi ya kueleza, maelezo yake yakaguliwe kama ya yule kijana wa parachichi. Yakithibitika, aombwe radhi hadharani. Yasipothibitika, jambo lipelekwe polisi, wala lisimalizwe kwa soda na msamaha wa kikao.

Tunachoweza kufanya sisi wenyewe, bila kusubiri mtu, ni kuacha kuharibu dalili. Kukitokea wizi au mauaji, umati unajaa, unakanyaga nyayo, unashika mlango, unahamisha panga "lisije likamuumiza mtoto". Polisi wakifika hakuna kilichobaki isipokuwa maneno. Wenyeviti wa mitaa na vitongoji wana uwezo wa kufunga kamba na kuwarudisha watu nyuma.

Kwa mtoto aliyefanyiwa ukatili, naomba sana wazazi mnisikie. Msimwogeshe kwanza, ingawa moyo wa mzazi ndivyo unavyotaka. Mpelekeni polisi mpate PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na mfike hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri mnavyowahi ndivyo inavyokuwa bora. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zikiwa na unyevu ziachwe zikauke kivulini, kisha zifungwe kwenye karatasi au bahasha ya kaki, kila nguo peke yake, maana mfuko wa plastiki hushika unyevu na kuharibu vinasaba. Kabidhini nguo hizo kwa polisi, na ombeni ziandikwe kwenye maelezo yenu kabla hamjaondoka kituoni.