Geuza hiyo kofia ngumu tuone ndani

Desemba nilikuwa Dar es Salaam, likizo ya wiki nne baada ya miaka mitatu bila kukanyaga nyumbani. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni saidia fundi kwenye saiti ya ghorofa huko Mbezi. Kila jioni akirudi alikuwa anavua buti mlangoni na kutundika kofia yake ya njano kwenye msumari wa barazani. Siku ya tatu nikaitungua.

Huku Ujerumani, ambako nachomelea vyuma mwaka wa tisa sasa, mkono umeshazoea. Ukishika kofia ngumu, unaigeuza kwanza uangalie chini ya ukingo. Maandishi yanakuwa yamepigwa ndani ya plastiki yenyewe, stika haihusiki: jina la kiwanda, EN 397 ambayo ndiyo namba ya kiwango cha Ulaya cha kofia hizi, saizi ya kichwa kwa sentimita, halafu kiduara kidogo mfano wa uso wa saa. Mshale wake unaonyesha mwezi, na katikati umeandikwa mwaka. Nilimwambia mdogo wangu, hiyo ndiyo tarehe ya kuzaliwa ya kofia. Kofia za plastiki za kawaida huku hushauriwa zibadilishwe baada ya miaka 4 hivi toka mwezi huo, hata kama bado zinang'aa.

Ya kwake ndani ilikuwa laini kama sahani. Nje ilikuwa na stika ya herufi CE, alama ya kwamba kifaa kinatimiza masharti ya Ulaya, nusu imebanduka kwa jasho na vumbi la saruji. Nikaiweka kati ya viganja viwili, nikaibana pembeni taratibu huku nimetega sikio. Ni jaribio alilonifundisha msimamizi wangu wiki ya kwanza kazini: ikikaa kimya, vaa, ikilia, itupe. Ikalia. Kwenye ukingo ukajitokeza mstari mweupe, mwembamba kama unywele.

"Kaka, umenivunjia kofia. Nimeinunua elfu saba hiyo."

Pesa nilimrudishia. Usingizi wa usiku ule ndio ulionikatalia. Miezi minane kijana amebeba zege na kupita chini ya mirunda, matofali yakipandishwa juu yake, akiamini ana kitu kichwani.

Jambo hili nalichukulia kwa uchungu kwa sababu yangu mwenyewe. Kuchomelea nilijifunza karakana ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nikiwa na miaka kumi na tisa. Miwani yangu ya kazi ilikuwa ya jua, nyeusi tii, nimeinunua kwa machinga. Karakana nzima ilikuwa na ngao moja ya uso yenye kioo halisi, na ilikuwa ya tajiri. Mchana unajiona mzima. Usiku wa manane ndipo macho yanapoanza, kama mtu amekumiminia mchanga na pilipili chini ya kope. Machozi yanatiririka yenyewe, hata mwanga wa simu unakuchoma. Bibi alikuwa anakata viazi mbatata vyembamba anavibandika juu ya macho, jirani analeta maziwa ya kudondoshea. Asubuhi unanawa, unarudi kazini. Mafundi wa kuchomelea mnaosoma hapa mnaujua usiku huo bila mimi kuwasimulia.

Miaka yote ile hakuna aliyeniambia kwamba weusi wa kioo si kinga. Kinachounguza jicho ni mionzi isiyoonekana, ultravioleti. Miwani nyeusi ya hovyo inapunguza ule mwanga unaouona tu. Mboni ikishadhani ni giza inapanuka, na mionzi inapata mlango mpana zaidi. Kioo halali cha kuchomelea kina namba ya kivuli, kwa kuchomelea kwa umeme na vijiti mara nyingi 10 au 11, na kimepimwa kuhakikisha ile mionzi isiyoonekana haipiti. Vikiwa mezani kwa muuzaji, vioo hivyo viwili vinafanana kabisa. Huwezi kuvitofautisha kwa kuvishika, kuvinusa wala kuviinua juani. Ubora wa kifaa kinga unajulikana maabara, na mfanyakazi anaupata kwa njia ya maandishi yanayoaminika au haupati kabisa.

Hapo ndipo naona tofauti kubwa ya huku na kwetu. Watu wakirudi nyumbani hupenda kusema wazungu wana vifaa vizuri. Vifaa hata kwetu vipo, tena vingine vimetoka kiwanda kilekile. Walichonacho huku ni mnyororo wa watu wanaowajibika kwa yale maandishi madogo chini ya ukingo.

Chukua hiyo EN 397. Ili kiwanda kiruhusiwe kuiandika, kofia inafungwa kwenye kichwa cha bandia, chuma cha kilo 5 kinaangushwa juu yake kutoka mita 1, na nguvu inayofika kichwani haitakiwi kuzidi kilonyutoni 5, sawa na uzito wa kilo 500 hivi. Kisha kinaangushwa chuma chenye ncha, kilo 3, nacho kisiguse kichwa. Kabla ya kupigwa, kofia nyingine zimeshapozwa kwenye baridi, nyingine zimepashwa joto la nyuzi 50, nyingine zimelowekwa majini au kumulikwa kwa ultravioleti ili zizeeke haraka. Anayepima ni taasisi iliyosajiliwa kwa kazi hiyo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2016/425, iliyoanza kutumika Aprili 2018, imegawa vifaa kinga katika makundi 3 kulingana na ukubwa wa hatari. Kundi la tatu ni la hatari zinazoua au kuacha kilema cha kudumu: mikanda ya kufanyia kazi juu, barakoa za kuzuia vumbi la sumu na gesi, kinga za kemikali kali. Hayo hayaishii kwenye CE. Mbele ya herufi hizo lazima ifuate namba ya tarakimu 4 ya taasisi inayokisimamia kiwanda, na orodha ya taasisi hizo iko wazi kwa kila mtu.

Sisemi huku ni peponi. Mwaka 2020, wakati wa korona, Ulaya iliingia mkenge mkubwa kwenye barakoa. Zililetwa barakoa zenye CE, zenye vyeti vya mihuri mizuri, na nyingi zilikuwa hewa. Lakini ziligundulikaje? Watu walisoma jina la aliyetoa cheti na ile namba, wakatafuta kwenye orodha, wakakuta taasisi hiyo haina kibali cha kupima vifaa kinga. Udanganyifu ulikuwa na pa kushikwa. Kofia ya mdogo wangu haikuwa na pa kushikwa. Haikumtaja aliyeitengeneza wala mwaka wala aliyeipima, na hata ningetaka kwenda kulalamika nisingejua nimlalamikie nani.

Jambo la pili ni nani anatoa pesa. Siku ya kwanza kazini huku nilikabidhiwa buti, glavu, kofia ya kuchomelea inayojitia giza yenyewe cheche ikiwaka, na kinga za masikio. Nikauliza mshaharani watakata shilingi ngapi. Msimamizi hakunielewa mpaka nikarudia. Sheria yao ya ulinzi kazini ya 1996 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi gharama hizo. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, nao unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Halafu kuna bima ya ajali kazini, ambayo Wajerumani wanayo tangu sheria ya 1884. Hiyo bima ndiyo inayolipa matibabu na fidia ukiumia, kwa hiyo ina uchungu na kila kidole. Wakaguzi wake wanaingia saitini na wanaweza kusimamisha kazi. Mimi nimeshashuhudia jukwaa zima likifungwa asubuhi kwa sababu mikanda miwili ilikuwa imepitisha mwaka bila ukaguzi.

Sasa turudi kwetu. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayomtaka mwajiri atoe vifaa kinga. OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, ipo. TBS, shirika letu la viwango, ipo, na tangu 2012 ina utaratibu wa kuhakiki bidhaa kabla hazijapakiwa melini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi 2015. Anayedai hatuna sheria anatuonea. Mnyororo wetu unakatikia sehemu mbili, na zote nilizikuta palepale barazani kwa mama mdogo.

Ya kwanza ni duka. Nilizunguka Kariakoo asubuhi nzima nikigeuza kofia. Kwenye maduka sita nilikuta mbili tu zenye tarehe iliyopigwa kwenye plastiki, na wauzaji wenyewe, watu waungwana kabisa, hawakuwa wamewahi kuangalia. Mmoja alinionyesha vikofia vyepesi, vile vya kuzuia usijigonge kwenye bomba ukiinuka, akiviuza kama kofia za saiti. Huku vina kiwango chake, EN 812, na maelezo yake yanakataza kabisa kuvitegemea kwa kitu kinachoanguka. Hakuwa na nia mbaya. Vililetwa kwenye boksi moja na vingine.

Ya pili ni swali la mwajiri ni nani. Mwenye nyumba kampa kazi mkandarasi, mkandarasi kampa fundi mkuu, fundi mkuu kachukua vijana asubuhi kijiweni kwa malipo ya kutwa. Sheria inamtafuta mwajiri, na kila mmoja anamwonyesha mwenzake. Mwisho wa siku anayenunua kofia ni yule anayelipwa kidogo kuliko wote, naye atanunua ya elfu saba. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Nilishanunua miwani ya machinga. Kwenye saiti ya ghorofa mkandarasi aliyesajiliwa anajulikana. Wajibu ubaki kwake kwa kila kichwa kilicho ndani ya uzio wake, awe kamwajiri mwenyewe au kaletwa na fundi.

Kuhusu duka, jibu tunalo, ila tumeliweka kwenye vinywaji. Tangu 2019 bia, na baadaye soda, zina stempu ya kielektroniki ya kodi, na mtu yeyote anaweza kuihakiki kwa programu ya mamlaka ya mapato, TRA, iitwayo Hakiki Stempu. Jirani zetu wa KEBS, shirika la viwango la Kenya, wana utaratibu wa kutuma ujumbe mfupi kwenda 20023 ukaambiwa kama namba ya nembo ya ubora ni ya kweli. Kama serikali inaweza kufuatilia chupa ya soda hadi kibandani kwa sababu ya ushuru, inaweza kufuatilia kofia, mkanda na kioo cha kuchomelea. Iwekwe namba iliyopigwa kwenye kifaa chenyewe, ihakikiwe kwa ujumbe mfupi kwenye simu ya kitochi, na jibu lije kwa Kiswahili: kimetengenezwa mwezi fulani, kimepimwa na fulani, mwisho wa kutumika fulani, kinazuia hiki, hakizuii kile. Hilo la mwisho nalitaka kuliko yote.

Tena tusinakili tu karatasi za Ulaya. Miaka 4 ya kofia ni ya jua la huku, ambalo miezi mingine hata halionekani. Kofia inayoshinda juani Mbezi na kulala juu ya bati, ikila chumvi ya bahari, inahitaji kipimo chake. TBS wazichukue kofia zilizotumika saitini kwetu mwaka, miaka miwili, mitatu, waziangushie kile chuma cha kilo 5, watuambie zinapasuka lini.

Najua nitaambiwa vifaa vyenye cheti ni ghali. Kofia ya kawaida yenye EN 397 huku unaipata kwa euro kama 10, karibu bei ya mifuko miwili ya saruji. Ghorofa inameza maelfu ya mifuko. Gharama hiyo mkandarasi hataihisi. Saidia fundi ndiye anayeihisi, na ndiyo maana asiwe yeye wa kulipa.

Mtaniuliza pia kuhusu mtumba, maana mafundi wengi wanavaa buti za mtumba zenye alama ya S3, zenye chuma puani na bamba la kuzuia misumari. Nyingi kweli ni imara kuliko mpya za dukani. Ila angalieni soli. Soli ya poliyurethani ikikaa miaka kwenye unyevu inaoza kimyakimya, na siku moja inameguka kama keki ukiwa juu ya ngazi. Ikunje kwa mikono kabla hujalipa.

Kabla sijaondoka nilimwachia mdogo wangu kofia mpya niliyoipata kwenye mojawapo ya yale maduka. Tangu hapo kila wiki ananitumia picha za ndani za kofia: ya fundi wake, ya mtu wa winchi, ya kijana wa nondo. Juzi alinipigia akiwa dukani Kariakoo, amepeleka wenzake wawili kununua. Muuzaji alimuuliza anatafuta nini humo ndani na tochi ya simu. Akamjibu, "Tarehe ya kuzaliwa, mzee." Nikasikia mzee anacheka, kisha kimya, kisha kofia zinateremshwa rafuni moja moja na kugeuzwa juu ya kaunta.